Mdomo wa Edelmira na Korongo la Kimya

Edelmira Olguín huongea. Sisemi kwamba anapenda kuongea, maana hata mimi napenda kuongea, na padri wetu anapenda kuongea, na Don Ceferino ukimgusia habari za goti lake anaongea mpaka maji ya yerba, chai yetu ya majani, yanapoa. Edelmira ni jambo jingine. Yeye huongea kama watu wengine wanavyopumua. Huongea na mbuzi akiwakamua, huongea na maziwa yakigandishwa, na jibini la leo hulisimulia visa vya jibini la jana. Akikosa mtu kabisa, huliuliza jiko swali kisha hulijibia.

Nyumba zetu zinashikana ukuta mmoja wa udongo, na kupitia ukuta huo nimemsikia tangu nilipoolewa. Marehemu mume wangu alikuwa akisema amejaliwa wake wawili, mmoja wa kumpikia na mmoja wa kumsimulia. Binti wa Edelmira, Yasna, mimi ndiye niliyemsimamia kwenye ubatizo, kwa hiyo tunaitana komadre, na komadre hakimbiwi hata kama masikio yanauma. Nimejifunza kumwitikia "ehee" za namna tatu: moja ya mshangao, moja ya huzuni, na moja ya "endelea tu mwenzangu, mimi nasinzia." Ile ya tatu anaijua vizuri sana. Haimzuii.

Pana mahali pamoja tu duniani ambapo Edelmira hunyamaza, nako ni kwenye Korongo la Kimya.

Sisi wa El Quillay ni watu wa mbuzi. Majira ya baridi tunakaa nao huku bondeni, na majani yakichipua kule juu tunawapandisha malishoni tukakae nao mpaka vuli. Njia ya kupanda ni moja, nayo inakatiza chini ya korongo hilo. Theluji yote ya mlima hujirundika juu yake msimu mzima ikingoja. Usiku wa masika anga likiwa wazi, theluji hukaza ikawa kama sakafu ya saruji, na nyumbu mwenye mizigo hupita juu yake bila kuacha alama ya maana. Jua likishachungulia mgongoni mwa mlima, sakafu inaanza kulainika. Kwanza unazama mpaka kifundo cha mguu, halafu mpaka ugokoni. Kisha chini ya miamba vinachomoka vidonge vya theluji, vinabiringika vyenyewe kuteremka, na kila kinapobiringika kinanenepa. Ukiviona hivyo, usingoje kuambiwa na mtu. Theluji iliyolowa haina papara kama ile ya katikati ya baridi, inayoshuka kwa kishindo na vumbi jeupe. Hii hushuka taratibu, nzito, yote kwa pamoja, na pale inaposimama huganda papo hapo. Kilichomo ndani hakitoki tena.

Kwa hiyo tunavuka alfajiri, na tunavuka kimya. Nyumbu wetu hufuata farasi jike mwenye kengele shingoni. Akienda wanaenda, akisimama wanasimama. Tukifika kwenye korongo tunaisindilia kengele hiyo sufi isilie. Hakuna kuita, hakuna mluzi, na ukishikwa na kikohozi unakimeza. Babu zetu walisema sauti ya mtu huuamsha mlima, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujaribu vinginevyo.

Mbuzi peke yao hawakupewa habari hizo. Wanavuka mia na kitu, wote wanalia, mama anamwita mtoto na mtoto anamwita mama mwingine, utadhani siku ya gulio, na mlima umelala tu. Nilipokuwa bado mgeni niliuliza.

"Don Ceferino, mbona mbuzi wanapiga kelele?"

"Mbuzi ni malaika, Doña Clorinda. Mlima hauna ugomvi nao."

"Na mimi je?"

"Wewe una ulimi."

Huyo ndiye Don Ceferino Tapia, shemeji yake Edelmira, mkubwa wa msafara wetu. Ana goti linalotabiri hali ya hewa, na masharubu meusi kuliko umri wake. Goti likimuuma, usiku utakuwa wa mawingu. Lisipomuuma, anga litakuwa wazi. Likikosea, analaumiwa mwenye kuuliza kwamba aliuliza vibaya.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mume wa Edelmira, Belarmino, ndugu yake Ceferino, alifia kwenye korongo hilo. Ni zamani, Yasna akiwa bado anasuka nywele misokoto miwili. Tulikuwa tumekwisha kuvuka sote, jua limekwisha kutoka, ikaonekana birika limesahaulika upande wa pili, na Belarmino akarudi kulichukua. Alipokuwa anarejea, yuko katikati na birika mkononi, Edelmira akakumbuka kitu kingine. Akamwita kwa sauti yake ile inayopita ukuta: "Belarmino! Na sukari umeichukua?" Belarmino akainua kichwa. Theluji ikaja.

Tulimchimbua alasiri. Kwenye mazishi Don Ceferino alisimama mbele ya jeneza la nduguye akasema, bila kumtazama mtu, kwamba mlima umeitwa ukaitika. Hakutaja jina. Hakuna aliyehitaji jina. Tangu siku hiyo bonde zima linajua kwamba Belarmino Tapia aliuawa na mdomo wa mkewe, na bonde zima lina adabu, halijawahi kumwambia usoni. Na Edelmira, ambaye hanyamazi hata kanisani, kila masika akifika kwenye korongo hujifunga leso mdomoni, yeye mwenyewe, akafunga fundo mara mbili.

Hajawahi kulizungumza nami. Ameniambia mambo yote ya tumbo lake, ya meno yake, ya ndoto zake, lakini hilo hapana. Mara moja tu, tukimenya viazi, alisema, "Komadre, unadhani angenijibu nini kuhusu sukari?" Mimi nikakosa "ehee" ya kumpa. Hiyo ya nne sikuwa nimejifunza.

Basi masika haya yaliyopita theluji ilikuwa nyingi kuliko kawaida, na yule farasi wetu wa zamani, mweupe, aliyeongoza nyumbu tangu enzi za Belarmino, alikufa kwa baridi. Don Ceferino akashuka mpaka Putaendo akaleta farasi mwingine, mwekundu, kijana, mwenye maringo. Nyumbu hawakumpenda. Walimfuata kwa sababu ya kengele tu. Ukiivua kengele wanamtazama kama mgeni aliyeingia harusini bila mwaliko.

Siku mbili tatu kabla ya kupanda, Don Ceferino akaja jikoni kwa Edelmira. Mimi nilikuwepo, nakaanga sopaipilla, maandazi yetu ya boga. Alikaa, akakunja goti, akalikunjua, akakataa sukari kwenye yerba yake kama anavyokataa siku zote, maana kwake sukari ni ya watoto wachanga na watu wa mjini.

"Shemeji," akasema, "mwaka huu usipande."

Edelmira alikuwa katikati ya kisa cha mbuzi aliyekula soksi za padri. Akakiacha hapo hapo. Nikajua mambo yameharibika.

"Nisipande niende wapi?"

"Kwa Yasna. San Felipe. Ameniambia ana chumba."

"Yasna anakaa ghorofa ya nne! Nilikaa kule wiki nzima. Majirani wanapita na nyuzi masikioni. Unamsalimia mtu, anatikisa kichwa kufuata muziki. Niliishia kuongea na lifti, shemeji, na lifti ile ikifika chini haikungoji umalize."

"Theluji ni nyingi. Mwaka jana ulipiga chafya pale katikati."

"Nilipiga kwa ndani!"

"Niliisikia."

"Masikio yako yanasikia chafya ya ndani lakini hayasikii jogoo."

"Shemeji, mimi sitaki kuzika mtu mwingine," akasema Don Ceferino.

Edelmira alifuta mikono kwenye aproni muda mrefu. Mbuzi wale ndio maisha yake. Kuwaacha mikononi mwa Ceferino na kwenda kuongea na lifti kungemuua kabla ya Krismasi, hilo kila mmoja wetu alilijua.

"Nifunge mdomo," akasema. "Wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Nikitoa sauti, sauti yoyote, narudi chini na naenda kwa Yasna, mbuzi uchunge wewe. Nakula kiapo kwa Belarmino."

Don Ceferino alifikiri. Akauliza goti. "Hata kuguna?"

"Hata kuguna."

"Doña Clorinda, umesikia?"

"Nimesikia," nikasema, na nikamwachia sopaipilla iliyoungua.

Usiku wa kuamkia siku ya kuvuka tulilala kwenye kibanda cha mawe karibu na korongo. Mimi nilitoka mara moja kutazama anga na sikuona nyota hata moja. Kulikuwa na mawingu, na hewa ilikuwa vuguvugu, unaweza kukaa nje bila shali. Nikamwamsha Don Ceferino.

"Haijaganda vizuri."

"Goti haliumi."

"Don Ceferino, sijauliza goti, nimekuambia nyota hazipo."

"Goti haliumi, Doña Clorinda. Lala."

Kulipopambazuka mawingu yalipasuka, theluji ikashika ganda juu. Nilipokanyaga ilikwaruza, ikabeba, lakini nilihisi chini yake ni uji. Ilifaa tuvuke haraka au tusivuke kabisa. Badala yake tukaanza shughuli za Don Ceferino. Kwanza mdomo wa Edelmira. Alileta bendeji ya kufungia miguu ya farasi, akamzungushia, akarudi nyuma kutazama kazi yake, hakuridhika, akazungusha tena mpaka yakabaki macho. Macho yenyewe yalikuwa yanaongea. Kisha kengele. Farasi mwekundu hakutaka kushikwa shingo, akawa anazunguka na Don Ceferino anazunguka naye, kama watu wanaocheza cueca bila muziki. Alipomkamata aliisindilia sufi kwa kijiti, akaisindilia tena, halafu ili isidondoke akaifunga kwa waya juu chini, akaukaza kwa koleo, kisha koleo akalirudisha kwenye mzigo. Jua lilikuwa limekwisha kupaka rangi vilele vya upande wa pili.

Nilivuka mimi kwanza na mbwa na mbuzi. Mbuzi walilia njia nzima, kama malaika. Akafuata Edelmira, anamvuta farasi kwa kamba. Nyuma yao walipaswa kuja nyumbu, na mwisho kabisa Don Ceferino.

Nyumbu wetu wa mbele ana jina la Diputado, yaani Mbunge, nasi humwita Mheshimiwa, kwa sababu akishakalia kiti haondoki. Alimfuata farasi mpaka katikati ya korongo. Pale katikati akasimama, akatega masikio. Kengele haikulia. Akamtazama yule farasi mwekundu anayekwenda mbele, na nadhani alijiuliza huyu ni nani na anatupeleka wapi. Akatulia. Na wenzake nyuma, wote wenye mizigo, unga, chumvi, sufuria za jibini, mablanketi, wakatulia nyuma yake.

Don Ceferino akaja mbele kwa ncha za vidole. Akavuta kamba. Mheshimiwa akaegemea nyuma. Akamsukuma matako. Mheshimiwa akakaza. Akavua kofia akampiga nayo, lakini alikuwa anapiga kimya kimya, kwa adabu, kofia inatua kama mtu anayefukuza nzi kwa mgonjwa. Akawa anamtukana bila sauti. Midomo inakwenda, masharubu yanaruka. Mimi huku nimejishika mbavu. Ndiyo, nilicheka, nisidanganye.

Halafu jua likafika. Lilishuka ukutani mwa korongo polepole kama pazia linalofunguliwa, likamgusa Mheshimiwa mgongoni, na kicheko changu kikakatika. Nyumbu wa tatu, Canela, alizama mguu wa nyuma mpaka gotini. Akautoa, akazama wa pili. Don Ceferino akainua macho juu. Nami nikainua. Chini ya mwamba mkubwa kilichomoka kidonge kimoja, kikabiringika, kikapita karibu na kofia yake. Kikafuata cha pili. Vikafuata vingi.

Nilimpungia mikono aje, aache nyumbu. Akatikisa kichwa. Msimu mzima wa watu wote wa El Quillay ulikuwa juu ya migongo ile, na Don Ceferino ni mkaidi kuliko nyumbu, hilo ndilo lililomfanya kuwa mkubwa wa msafara. Nilikimbilia kengele shingoni mwa farasi, ambaye Edelmira alikuwa amekwisha kumvusha. Nilichokoa sufi kwa vidole, kwa kisu, lakini ule waya alikuwa ameukaza kwa koleo, na farasi akanirushia meno nusura anichukue sikio. Koleo lilikuwa kwenye mzigo wa Mheshimiwa.

Nikageuka kumtazama Edelmira. Alikuwa amesimama ukingoni pale pale alipokuwa amesimama siku ile nyingine.  Nilijua anachofikiri kana kwamba ananisimulia. Akinyamaza, Ceferino atabaki pale mpaka mlima umchukue. Akisema, basi atakuwa amewaita wote wawili, ndugu mmoja baada ya mwingine, na hata mimi ambaye nampenda sijui kama ningeweza kumtetea. Nilitaka kumwambia sema, na nilitaka kumwambia usiseme. 

Akaingiza vidole kwenye bendeji, akaishusha mpaka shingoni.

"Mheshimiwa!"

Loo, sauti ile. Nilifumba macho. Nilihesabu pumzi zangu, nikangoja. Hakikutokea kitu. Nilipofumbua, masikio ya nyumbu wote yalikuwa yamesimama.

"Wewe Mheshimiwa, mvivu wa wavivu, unangoja nini hapo, upigiwe kura? Inua mguu! Huo. Na mwingine. Unadhani nimekulisha baridi nzima, nikakuhadithia mpaka ukanenepa, uje unisimamie katikati ya njia kama sanamu ya uwanjani? Canela, toka nyuma yake, usijifiche, nakuona, mwanamke mzima unaogopa farasi mwekundu! Njooni!"

Mheshimiwa akapiga hatua. Jamani, akapiga hatua! Asubuhi zote za maisha yake alikuwa ameisikia sauti ile kabla hajapata chakula. Mambo mengine yote pale mlimani yalikuwa mageni kwake, ila hiyo.

Edelmira akashusha pumzi, akanyamaza kidogo ameze mate. Mheshimiwa akasimama.

"Usinyamaze!" nikapiga kelele, mimi, wa kwanza kabisa kumwambia maneno hayo tangu azaliwe.

Basi hakunyamaza. Alianza na kuku. Alisimulia kuku aliyekataa kuatamia, akaingia kwenye mbuzi aliyekula soksi za padri, na kisa hicho kwa mara ya kwanza nilikisikia mpaka mwisho. Nyumbu wanakuja, hatua kwa hatua, wanazama na kuibuka, na vidonge vya theluji vinapita katikati ya miguu yao. Kuku wakamwishia. Padri akamwishia. Nikaona anahangaika na macho, anatafuta habari, yeye Edelmira Olguín amekaukiwa na habari! Akaingia ghalani mwa siri.

"Na huyu Clorinda hapa, mkate wake wa Pasaka uligoma kuumuka, akatuambia ndivyo wanavyooka Santiago! Songa, Canela! Na huyo shemeji yangu nyuma yenu, mnamwona? Masharubu anapaka dawa ya viatu! Nyeusi! Kopo liko chini ya godoro, mkewe marehemu alinionyesha! Anasikiliza mchezo wa redio wa mchana analia, halafu anasema ni vitunguu, na kitunguu hakimo ndani ya nyumba! Songa, Mheshimiwa, bado kidogo, kuna na mengine!"

"Edelmira!" akafoka Don Ceferino kutoka katikati ya korongo, kwa sauti ya juu kuliko ya Edelmira.

"Songa na wewe!"

Wakafika. Mheshimiwa alipita mbele yetu kama anayetoka kikaoni. Wa mwisho alikuwa Don Ceferino, amelowa mpaka kiunoni, na jasho lilikuwa limemchora mistari miwili myeusi kutoka mdomoni mpaka kidevuni. Tulipanda haraka mpaka kwenye jiwe kubwa ambapo poromoko halifiki. Pale akageuka.

"Umesema."

"Nimesema."

"Ulikula kiapo."

"Nilikula, nikakitapika."

"Ulikula kwa Belarmino! Kesho alfajiri theluji ikikaza utarudi chini. Makubaliano ni makubaliano."

"Don Ceferino, huna haya?" nikamwuliza. "Mwanamke amekutoa kwenye kaburi na chai hujanywa!"

"Ametutoa kwa bahati. Mara ya kwanza haikuwa bahati."

Alilisema. Baada ya miaka yote hiyo alilisema usoni. Nilitafuta jiwe la kumtupia, nasema kweli. Lakini Edelmira hakumjibu. Sauti ilikuwa imemkauka, na labda hata angekuwa nayo asingejibu. Alikaa juu ya mzigo, bendeji bado inaning'inia shingoni, akatazama mikono yake. Mimi nikawasha moto kwa sababu sikujua lingine la kufanya. Don Ceferino akashika birika, akawa anangoja maji yachemke, amegeuza uso. Mbuzi walikuwa wamepata majani ya kwanza ya mwaka, wameinamisha vichwa wote. Mbwa wamelala. Upepo haukuwepo. Sikumbuki ukimya mwingine kama ule, na Edelmira akiwemo.

Ndipo korongo likashuka.

Halikupiga mwangwi. Ilianza kama mtu anayeburuta gunia la mahindi sakafuni, mbali. Tulipogeuka, theluji yote ilikuwa inatembea, ya njano, imelowa, na mawe na matawi ndani yake, kama uji mzito unaomiminwa. Ilipita juu ya nyayo za Mheshimiwa. Ilipita pale Canela alipozamia, na pale kofia ilipopigia. Ilikwenda, ikapunguza mwendo, ikasimama mtoni chini. Ikaganda.

Hakuna aliyetikisika. Kisha Edelmira akainuka. Akamtazama Don Ceferino, akanitazama mimi, akawatazama mbuzi.

"Nani amesema?" akauliza kwa sauti ya kukwaruza.

Akanigeukia mimi.

"Komadre, umesema wewe?"

"Sijasema."

"Shemeji, umesema?"

Don Ceferino akatikisa kichwa.

"Mbuzi je?"

"Wanakula," nikasema.

"Basi hakuna aliyesema." Akakaa tena, polepole, kama mtu aliyeambiwa akae. "Hakuna aliyesema, na limeshuka." Machozi yakaanza kumtoka bila kelele yoyote. "Nilikuwa namuuliza sukari tu, Clorinda. Sukari tu."

Nikamkumbatia. Mimi nililia kwa kelele, kwa niaba ya wote.

Don Ceferino alikuwa bado ameshika birika. Alilitazama ndani, akalitazama nje. Mistari ile myeusi ilikuwa imefika shingoni.

"Birika lilikuwa langu," akasema.

Sikuelewa kwanza.

"Siku ile. Lilikuwa langu mimi. Jua lilikuwa limetoka, nikaona uvivu kurudi. Nikamwambia yeye, wewe ndiye mdogo, kimbia mara moja."

"Najua," akasema Edelmira.

"Unajua nini?"

"Kwamba lilikuwa lako. La bluu, limebonyea ubavuni. Letu nililifunga mwenyewe kwenye mzigo."

Nilimwachia mabega nikarudi nyuma nimtazame vizuri. Huyu ndiye aliyelitangazia korongo zima habari za mkate wangu. Huyu ndiye hajawahi kukaa na siri ikafika jioni. Na hilo alikuwa amekaa nalo tangu Yasna akiwa mdogo, huku bonde zima likimsengenya, na hakuliambia jiko, hakuliambia jibini, hakuniambia mimi.

"Mbona hukusema?" Don Ceferino akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyevunja sahani.

Edelmira akafuta pua kwa ncha ya bendeji.

"Mimi nilikuwa na mbuzi wa kuzungumza nao, shemeji. Nilikuwa na Clorinda. Wewe una goti tu."

Don Ceferino alicheka, na katikati kicheko kikageuka kitu kingine, na hapakuwa na kitunguu hata kimoja mlima mzima. Maji yalipochemka akamwagia yerba, akachota sukari, kijiko, kingine, kingine tena, akakoroga, akanywa mwenyewe kwanza mbele yetu, akakunja uso, akamaliza. Kisha akamjazia Edelmira. Halafu akaenda kwa Mheshimiwa, akatoa koleo kwenye mzigo, akakata ule waya shingoni mwa farasi na kuchomoa sufi yote akaitupa.

Tulipanda alasiri hiyo kengele ikilia. Edelmira alitangulia, sauti imemrudi nusu, ananieleza jinsi Belarmino alivyokuwa anakunywa yerba yake, sukari ngapi, na kwa nini. Njia ni ndefu hadi malishoni. Nilisikiliza yote, na kila aliponingoja niitikie nilimwitikia.